Usifunue Blanketi

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu amenunua daftari la kuandikia habari za vifaranga, na mimi nimenunua langu la rangi ileile. Lake litakuwa la joto na vifo. Langu la mengine yote. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu aliubandika ukutani darasa zima lione, na hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Niseme mambo yalivyo, maana daftari halina mdomo. Binti yangu alikuwa mwaka wa pili chuo cha mifugo. Mwezi wa kwanza alirudi na begi na barua: ameanguka somo la vitendo, vifaranga aliokabidhiwa walikufa. Kwa nini walikufa, hasemi. Chuo kimempa nafasi moja tu. Ajenge bruda nyumbani kwa mikono yake, yaani nyumba ya joto ya kulelea vifaranga wasio na mama, kwa vitu anavyoweza kupata, kisha alee vifaranga mia kwa wiki nne. Mwalimu atakuja kuhesabu mwenyewe. Akikuta tisini au zaidi, binti anarudi darasani. Akikuta themanini na tisa, basi tena.

Mtaani nimesema yuko kwenye mafunzo maalumu ya nyumbani, wanaopewa ni wachache. Si uongo. Ni wachache mno, ni yeye peke yake.

Jumanne, 4 Machi

Nimemletea sanduku la mbao kutoka kwa muuza vioo. Zuri, mraba, limepigwa randa. Nilikuwa nimeshapanga lipakwe rangi ya bluu. Amelizunguka mara mbili, akasema, "Mama, hili lina kona."

"Sanduku gani lisilo na kona?"

"Kifaranga akisikia baridi au akiogopa anakimbilia kona. Mwenzake anampanda, na mwingine anampanda huyo. Wa chini anakosa pumzi."

Kwa hiyo bruda ni ya duara. Sanduku sasa linakaa rasta zangu za kusukia wateja nywele. Na rangi nimelipaka, ya bluu.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Tumekosa ubao laini unaokunjika. Nimemwambia afungue mgongo wa kabati langu la harusi. Amekataa, nikachukua bisibisi mwenyewe. Mgongo umetoka kipande kizima, mwembamba, unapinda bila kuvunjika, kama vile miaka yote ile ulikuwa unangoja kazi hii.

Mzee wangu, ambaye ni fundi redio na huongea kama mtu anayeokoa betri, ameingia chumbani na kukuta nguo zake zimeegemea ukuta. Amesema, "Sawa." Akaenda kutafuta waya.

Ijumaa, 7 Machi

Bruda imesimama. Niieleze, maana mikono iliyoitengeneza nimeizaa mimi. Ipo kwenye stoo karibu na jiko. Ukuta ni mgongo wa kabati na maboksi mawili, vimeshonwa kwa waya mpaka vikawa duara, kimo chake kinafika gotini. Chini kuna maranda ya mbao, vidole vinne kwenda chini, na magazeti juu yake kwa siku za mwanzo. Katikati inaning'inia balbu kwenye mnyororo wa baiskeli, unaupandisha au kuushusha. Umeme ukikatika kuna chungu cha mkaa kilichotobolewa pembeni, na mkaa unakolezwa nje kwanza hadi moshi uishe. Juu kabisa ni blanketi langu la kijivu, na upande mmoja umeachwa nafasi ya viganja viwili ya kupitisha hewa.

Vyombo vya maji ni chupa zilizopinduliwa kwenye visahani. Vya chakula ni madumu aliyoyakata ubavuni. Hakuna kilichonunuliwa ila balbu na misumari.

Niliita, "Daktari, njoo ule." Nimemwita hivyo tangu ana miaka sita, alipofunga kitambaa mguu wa mbuzi ambao haukuwa unauma. Leo amesema, "Mama, usiniite hivyo." Polepole tu, bila hasira. Chai yangu ikapoteza sukari.

Jumatatu, 10 Machi

Wamefika. Mia na wawili, wale wawili ni nyongeza ya muuzaji kwa wanaofia njiani. Wa siku moja, wa manjano. Binti aliwatoa mmoja mmoja, kila mmoja akimchovya mdomo kwenye maji yenye glukosi ili ajue maji ni nini. Mara mia na mbili alifanya hivyo, na hakumharakisha hata mmoja. Nilisimama mlangoni nikajifuta macho kwa eproni ya kusukia, nikasema ni maranda.

Amenifundisha kusoma. Wakibanana chini ya balbu, ni baridi. Wakikimbilia ukutani na midomo wazi, ni joto. Wakitawanyika kama mchele uliomwagika na kusemezana taratibu, ni sawa. "Kipimajoto ni cha mwalimu," amesema. "Wao wenyewe wanakwambia."

Jumanne, 11 Machi

Wawili wamekufa, walifika wamelegea. Mia kamili.

Jumatano, 12 Machi

Mmoja amezama kwenye kisahani. Binti ametia changarawe kwenye visahani vyote ili waweze kunywa bila kuingia. Tisini na tisa.

Ijumaa, 14 Machi

Mimi husukia barazani. Mteja wangu wa leo, mwenye kichwa kikubwa kinachokula saa nne, aliuliza binti anafanya nini stoo kutwa. Nikamwambia twende ukaone. Nikafunua blanketi kidogo. Alishika mdomo. "Huyu ni wako kweli?" Nikasema mkono, akili na subira vyote vimetoka upande wangu, baba yake alichangia masikio.

Mzee alinisikia. Alisema, bila kuinua kichwa kwenye redio yake, "Kizuri chajiuza."

"Na kinachouzwa bila kutangazwa kinanunuliwa na nani?" Alipandisha sauti ya habari.

Jumamosi, 15 Machi

Wateja watatu. Nimewaonyesha wote.

Jumapili, 16 Machi

Mvua kutwa. Jirani wa geti jeusi amekuja. Ni nesi mstaafu, wote tunamwita Nesi. Amekaa peke yake, hasuki kwangu, na hajawahi kusifia kitu changu hata kimoja. Hata nilipopaka nyumba rangi alisema tu, "Imekauka?" Mimi nimeshamjua, ana kijicho.

Leo ameinama pembeni ya bruda, hakugusa, akachungulia pale penye nafasi ya hewa kwa muda mrefu mno. Kisha akamwambia binti yangu, "Nafasi hii umeiweka upande usio na upepo. Vizuri." Kuhusu mimi akamwambia, "Mwambie mama yako mlango aufunge taratibu."

Mama yako. Nimesimama hapohapo.

Jumatatu, 17 Machi

Chanjo ya kideri, ugonjwa unaomaliza kuku banda zima, kwenye maji. Wote wamekunywa. Tisini na tisa bado.

Jumatano, 19 Machi

Binti ametundika karatasi juu ya mlango wa stoo: USIFUNUE BLANKETI ILA KWA KULISHA. Nimeuliza inamhusu nani. Akasema, "Wote, mama." Lakini sisi wote ni watatu, na baba yake hajawahi kufunua hata sufuria.

Alhamisi, 20 Machi

Ninaandika hili mkono ukiwa mzito.

Asubuhi Nesi alileta kipimajoto cha zamani cha wodini, cha akiba. Alichungulia tena, akaenda zake. Saa tano binti akatoka kwenda kununua chakula cha vifaranga. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mabati. Aliniambia, "Umeme ukikatika, chungu kiko tayari jikoni, mkaa umeshakolea. Weka katikati, funika, usikae mbali." Nikamwambia nimelea watoto wanne, nenda.

Umeme ukakatika. Nikaweka chungu. Nikafunika. Hapo sina kosa.

Mvua ikaleta wanawake watatu barazani, wawili wateja na mmoja mpita njia aliyejikinga. Yule mwenye kichwa kikubwa akaanza kuwasimulia. Mpita njia akasema, "Mimi siamini mpaka nione." Nikawapeleka. Nikafunua, si kidogo, nikafunua nusu nzima maana kulikuwa na giza, na mlango nikauzuia kwa kigoda ili mwanga uingie. Wakasifu. Nikaeleza habari za kona na duara kama vile mimi ndiye niliyesoma. Nikawaambia mwanangu ndiye wa kwanza chuoni. Kisha mteja akakumbuka kichwa chake kiko nusu, tukarudi barazani tukicheka.

Blanketi nililiacha limekunjwa kwenye kiti. Kigoda kilibaki mlangoni.

Nilisuka mistari sita. Mvua ilikuwa inapiga mabati, sikusikia kitu. Ilipopungua ndipo nikasikia. Si ile sauti yao ya kusemezana. Ilikuwa kali, nyembamba, wote kwa pamoja. Nilikimbia. Upepo ulikuwa umeingia moja kwa moja, majivu yamefunika makaa, na wao wamekwenda upande mmoja wa ukuta wakapandana. Duara halikusaidia, maana baridi nayo ilikuwa imetengeneza kona yake.

Niliwatenganisha kwa mikono. Nikapuliza mkaa. Nikafunika, nikatoa kigoda, nikafunga mlango. Chini ya rundo kulikuwa na watano wamelala bapa. Niliwashika mmoja mmoja nikiwapumulia. Hawakuamka.

Binti alirudi amelowa, kiroba kichwani. Aliangalia watano pale kwenye gazeti. Hakulia. Aliuliza, "Mama, blanketi limefunuliwa leo?"

Nikasema, "Sijui imekuwaje. Labda ni yule Nesi. Asubuhi alikodoa macho hapa, na wewe unamjua mtu mwenye jicho baya."

Akachukua daftari lake akaandika. Tisini na wanne.

Ijumaa, 21 Machi

Wawili waliopata baridi jana wamekufa asubuhi. Tisini na wawili.

Nikavaa, nikavuka njia, nikagonga geti jeusi. Kwa kuwa nimeandika kweli jana, leo pia niandike. Nilikwenda kumgombeza mtu kwa kosa langu, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kuamini. Nikamwambia mtoto wangu akikosa chuo damu yake iko juu ya macho yako.

Hakupandisha sauti. Alinivutia kiti. Akasema, "Nilifanya kazi wodi ya watoto njiti miaka thelathini na moja. Kichanga gramu mia tisa, unamweka kwenye sanduku la joto. Bibi zake wanakuja, shangazi, jirani. Kila mmoja anataka kumwona. Kila mmoja anafungua. Jirani, sijawahi kuona mtoto aliyekufa kwa kutazamwa. Niliona waliokufa kwa mlango."

Ndipo nikakaa kwenye kile kiti.

"Niliwafukuza bibi wengi," akasema. "Waliniita mchawi, mgumba, mwenye roho mbaya. Wajukuu wao sasa wana ndevu."

Sikujua pa kuweka mikono. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kusifia kitu changu. Akafikiri kweli, kama mtu anayetafuta dawa kabatini. "Nilizoea kutosifia mpaka siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani," akasema.

Jumamosi, 22 Machi

Nilimkuta binti akisafisha visahani. Nikamwambia, "Ni mimi. Niliwaonyesha wanawake watatu, nikaacha blanketi kwenye kiti na mlango wazi. Nesi hana kosa, nimeshamwomba radhi."

Akasema, "Nilijua. Kwenye kiti kulikuwa na maranda, na kigoda kilikuwa kimelowa upande mmoja."

"Mbona hukusema?"

Aliosha visahani mpaka vikaisha. Kisha akasema, na hakuwa ananiangalia, "Unakumbuka ulipokuja chuoni mwezi wa kumi na moja?"

Ningesahau vipi. Nilikwenda na wateja wangu wawili, tumevaa sare, nilitaka wamwone mwanangu na koti jeupe. Sikumwambia kabla, nilitaka kumshtua. Alitoka getini mbio, tukapiga picha, tukakaa naye kwenye mgahawa mpaka jua likapinda. Nilikuwa namwambia, "Kaa kidogo, kwani unakimbilia wapi?"

"Ilikuwa zamu yangu," akasema. "Mlinzi alikuja kuniita, mama yako yuko nje na wageni. Nikasema nitatoka dakika tano. Balbu iliungua nikiwa mgahawani. Nilipotaka kuondoka ulikuwa unawaambia mimi ndiye wa kwanza darasani. Sikuwa wa kwanza, mama. Nilikuwa wa kumi na nne. Nilisikia aibu kusema lazima nirudi kwa kuku."

Wa kumi na nne kati ya sitini na mbili, nimeuliza baadaye. Lakini pale sikuuliza. Nilikaa chini kwenye mfuko wa maranda.

"Ulimwambia mwalimu?"

"Nimwambie nini? Kwamba mama yangu ananipenda?"

Alisema hivyo na akaanza kucheka, kisha hakikuwa kicheko tena. Nikamshika. Ana miaka ishirini na mbili, mrefu kuliko mimi, lakini kichwa chake bado kinajua mahali pa kukaa begani kwangu. Tulikaa hivyo mpaka vifaranga wakanyamaza, na yeye ndiye aliyeinuka kwanza kwenda kuwaangalia, maana kunyamaza pia kuna maana yake. Walikuwa wamelala. Wametawanyika kama mchele.

Jumatatu, 24 Machi

Chanjo ya pili. Mtu barazani kaniuliza habari za vifaranga. Nimesema wanakula.

Jumanne, 25 Machi

Mmoja amekufa. Tisini na mmoja. Mwingine anachechemea na ni nusu ya wenzake, wanamdonoa. Mzee, ambaye hajawahi kumpa mtu jina, amemwita Antena kwa sababu anasimama na mguu mmoja juu.

Nesi amekuja kumwona. Akasema wodini mtoto akikataa sanduku, walimweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akafunikwa. Akaniangalia. Mimi nina mfuko wa eproni, mpana, uko juu ya tumbo langu ambalo nalo lina joto la kutosha mtaa mzima. Antena sasa anakaa humo mchana. Nasuka naye, na hakuna mteja anayejua.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Hakuna jipya.

Jumatano, 2 Aprili

Balbu imepandishwa juu zaidi, wana manyoya ya mbawa sasa. Nesi amesuka kwangu kwa mara ya kwanza, mistari minane, hakusema ni mizuri. Aliuliza, "Imekaza?" Nimeanza kumwelewa.

Jumapili, 6 Aprili

Mwalimu anakuja kesho. Nimeapa sitafungua mdomo mbele yake. Mzee amesema, "Nitarekodi."

Jumatatu, 7 Aprili

Alfajiri mmoja amekutwa amekufa, bila sababu, wala hakuwa mgonjwa. Tisini kamili. Binti aliandika. Mimi nilishindwa kumimina chai.

Mwalimu alifika saa nne, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira. Aliizunguka bruda, akavuta mnyororo wa baiskeli, akapapasa ukuta, akauliza ubao ulitoka wapi. Binti akasema, "Mgongo wa kabati la harusi la mama." Mwalimu akanitazama. Nilikuwa na maneno kama mia mbili hivi kuhusu lile kabati. Nikayameza.

Akasoma daftari. Akafika tarehe ishirini Machi. "Watano kwa siku moja. Umeandika, bruda ilifunuliwa, kosa la usimamizi. Nani alikuwa msimamizi?"

"Mimi," binti akasema.

Hapo ulimi ulinipanda. Nikasema, "Mwalimu, nilikuwa mimi. Na ile ya chuoni mwezi wa kumi na moja, aliyemtoa zamuni pia nilikuwa mimi." Kisha nikafunga mdomo, na sijui kama niliharibu au nilitengeneza. Mwalimu aliitazama ile tarehe tena. Alichukua kalamu.

Wakahesabu. Binti anamkamata mmoja, anampitisha kwa mwalimu, mwalimu anamtia kwenye boksi. Nilikuwa nahesabu nao moyoni. Themanini na saba. Themanini na nane. Themanini na tisa. Bruda ikawa tupu, maranda tu na changarawe.

Mwalimu akaangalia kila upande, akainua madumu. "Themanini na tisa," akasema. Na aliisema kwa huruma, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nilimwangalia mwanangu nikitafuta machozi usoni, lakini yeye alikuwa ananiangalia mimi, tena anatabasamu, tabasamu ambalo sijaliona tangu aondoke kwenda chuo.

"Mama," akasema, "sasa funua."

Ndipo tumbo langu lilipotikisika likalia chiu.

Nikafunua eproni. Antena akatoa kichwa, akamwangalia mwalimu kwa jicho moja kama mtu aliyeamshwa na wageni. Mwalimu akamchukua, akampima mguu kwa kidole, akamweka mezani. Alisimama. Akachechemea hatua tatu mpaka kwenye daftari.

"Huyu naye mmemlelea wapi?"

Binti akajibu, "Ndani ya bruda, mwalimu. Tulikuwa na mbili."

Jumapili, 13 Aprili

Amerudi chuo jana. Kuku tisini wamebaki kwangu, Antena ndiye mkubwa wao kwa kelele. Kabati halina mgongo bado, na Mzee anasema sasa nguo zinapata hewa.

Tukiwa kituoni nilimuuliza kama naweza kumtembelea. Alifikiri kwanza, kama Nesi. "Jumapili ya mwisho wa mwezi," akasema. "Kuna benchi nje ya banda. Ukae hapo mpaka zamu yangu iishe."

"Nitakuja na nani?"

"Na Antena, ukipenda."

Leo mwenye kichwa kikubwa amekaa kwenye kigoda changu saa nne nzima. Aliuliza, "Na Daktari wako je?" Nikasema, "Hajambo." Akageuka kunitazama mpaka mstari ukapinda. "Hajambo tu?" Nikamwambia ageuze kichwa mbele.

Hapa ndani hakuna upepo, kwa hiyo nitaandika. Alijenga nyumba kwa mgongo wa kabati na mnyororo wa baiskeli. Aliwanywesha maji mia na wawili, mmoja mmoja. Alijua kosa ni langu, akaandika ni lake. Wa kumi na nne kati ya sitini na mbili.

Nafunga daftari sasa, taratibu.